Lori Humalizwa na Mwenye Mzigo

Habari za usafiri wa kisiwani Pemba kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya vitu vilivyoshushwa bandarini: baiskeli, kisha motokari, kisha lori, kisha basi, na sasa pikipiki. Katika masimulizi hayo Mpemba ni mpokeaji, na kila hatua ya maendeleo ina tarehe ya meli iliyoileta. Masimulizi hayo yameacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito zaidi. Lori lililopita kati ya Mkoani, Chake Chake, Wete na Konde likiwa na magunia ya karafuu, matenga ya samaki, mikungu ya ndizi na abiria wa kila rika halikufika likiwa gari kamili. Kilichovuka bahari ni injini, chesisi na mahali pa dereva kukaa. Sehemu iliyoamua gari lile libebe nini, limkalishe nani na lipakuliwe vipi ni bodi ya mbao, na bodi hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wa visiwani. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ya kumalizia gari inastahili kuhesabiwa kuwa historia ya ufundi, kwa hadhi ile ile tunayompa muunda jahazi. Naongeza kwamba kufaulu kwa gari lolote lililogeuzwa kutoka matumizi yake ya kwanza hutegemea zaidi ukaribu wa fundi na mzigo kuliko ubora wa chuma.

Ili kuona uzito wa hoja hii, tuanze na mzigo wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu iliyopandwa tangu zama za Seyyid Said bin Sultan. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndicho kisiwa kilichobeba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Lakini kisiwa hiki hakikuumbwa kwa ajili ya magurudumu. Ardhi yake ni vilima vilivyofuatana na mabonde yenye maji, mvua zake ni nyingi, udongo wake huteleza, na pwani yake ya magharibi imekatwakatwa na hori zinazoingia ndani hadi karibu na mashamba. Kwa hiyo karafuu ilisafiri kwa namna mbili. Kutoka shambani hadi ukingoni mwa hori ilibebwa kichwani au juu ya punda, na kutoka hapo ilichukuliwa na mtumbwi au mashua hadi bandarini, kisha na jahazi hadi mji wa Unguja ambako biashara yote ilikusanywa. Chombo cha baharini kilikuwa kimekamilika zamani. Kilichokuwa dhaifu ni kile kipande cha nchi kavu, na udhaifu huo uliwekwa juu ya vichwa vya watu.

Vichwa hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, vilikuwa vya watumwa. Utumwa ulipopoteza uhalali wake kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mzigo haukupungua, ila sasa aliyeubeba alikuwa na haki ya kudai ujira au kuondoka. Hapo ndipo swali la chombo cha nchi kavu lilipokuwa swali la uchumi wa kisiwa kizima. Unguja ilijaribiwa dawa ya reli: njia nyembamba kutoka mjini hadi Bububu ilianza kazi mwaka 1905 na ikafa katika miaka ya 1920, barabara na motokari zikiwa zimeishinda. Pemba haikupata reli kabisa. Ilipata barabara, polepole, katika miongo ya utawala wa Waingereza, na juu ya barabara hizo vikaja vyombo viwili vilivyodumu: gari la ng'ombe na lori. Gari la ng'ombe tunaloliona mpaka leo ni ushahidi wa kwanza wa ninachokieleza. Jukwaa lake ni la mbao, mti wake wa kufungia nira ni wa mbao, lakini chini yake mara nyingi mna ekseli ya motokari iliyokufa, pamoja na ringi na mipira yake. Aliyeliunda alichukua kutoka kwenye gari la kigeni kile alichokihitaji tu, akaliacha lililobaki.

Lori nalo lilipita njia iyo hiyo. Msomaji wa leo, aliyezoea kuona gari likishuka melini limekamilika hadi redio, anaweza kudhani kwamba kujengea lori bodi ni kulifanyia ukarabati. Sivyo biashara ya malori ilivyokuwa, na kwa malori makubwa sivyo ilivyo hata sasa. Watengenezaji waliuza chesisi pamoja na kebini, na mara nyingine chesisi yenye injini na usukani pekee, wakijua kwamba mnunuzi atatafuta fundi wake wa kumjengea sehemu ya mzigo. Bedford, malori ya kampuni ya Vauxhall kutoka Luton, yaliyojulikana sana Afrika Mashariki, yaliuzwa hivyo. Kiwanda chenyewe kilitambua kwamba mtu wa Luton hawezi kujua kama gari litabeba makaa, maziwa au magunia ya karafuu. Kwa hiyo bodi ya mbao ilikuwa sehemu ya pili ya utengenezaji, iliyoachwa wazi makusudi, na kisiwani ilijazwa na seremala.

Jinsi ilivyojazwa inaonyesha akili iliyofanya kazi. Gari la mbao la kisiwani, lile ambalo wengine huliita chai maharage, lina paa la chini lenye keria ya mzigo, mbavu wazi zenye turubai la kuteremshwa mvua inaponyesha, na mabenchi marefu yaliyopangwa kufuata urefu wa gari, abiria wakitazamana. Kila moja ya sehemu hizo ni jibu. Mabenchi ya pembeni huacha njia katikati, na katika njia hiyo hukaa gunia, tenga, dumu la mafuta au baiskeli. Siku ya gulio nafasi ile ni ya bidhaa, na siku ya maziko ni ya watu waliosimama. Mbavu wazi huingiza upepo katika joto la kaskazi na humwezesha utingo kupokea mzigo kutoka upande wowote. Paa hubeba vile visivyodhurika na jua, na kuviweka mbali na karafuu, ambayo ikishika maji baada ya kuanikwa hupoteza thamani. Basi la kawaida, lenye viti vinavyotazama mbele na mlango mmoja mwembamba, limechukulia kwamba abiria ni mtu aliyeshika mkoba. Abiria wa Pemba wa enzi ya karafuu alikuwa mtu na mavuno yake, na hakuwa na sababu ya kulipa safari mbili, moja yake na moja ya gunia lake.

Ufundi huu haukuanzia hewani. Kisiwa kilichoishi kwa mitumbwi, ngalawa na mashua kilikuwa tayari na watu wanaojua kuchagua mbao kwa kazi yake: mfenesi, mwembe, mtondoo na mvule. Walijua kwamba chombo kinachotikiswa kutwa hakiwezi kufungwa kama kabati linalosimama ukutani. Muunda chombo hufunga pamoja mkuku, mataruma na mbao za kuvika. Nguvu hukaa kwenye mifupa, na ngozi huachiwa nafasi ya kunyumbuka kidogo. Bodi ya lori imejengwa kwa mpango unaofanana. Magogo mawili marefu ya mbao ngumu hulazwa juu ya reli za chesisi, mihimili ya kukingama hufuata, kisha nguzo za pembeni, na mbao za sakafu na ubavu huja mwisho. Magogo yale hushikwa kwa yubolti zinazoikumbatia chesisi bila kuitoboa. Sidai kwamba kila fundi bodi alikuwa muunda mashua. Ninachosema ni kwamba maarifa ya aina hiyo yalikuwa yameenea katika jamii, na lori liliyakuta yakiwa tayari.

Ugumu wa kazi hii huonekana wazi zaidi tukichukua mfano mgumu kuliko wote: gari la jeshi lililostaafishwa, hasa kichwa cha kuvutia tela, linapotakiwa kubeba mzigo juu ya mgongo wake lenyewe. Vita Kuu ya Pili iliacha magari ya jeshi kwa mamia ya maelfu. Bedford peke yake ilitengeneza malori yapatayo 250,000 kwa ajili ya vita, na Kanada ilitengeneza idadi kubwa zaidi. Kichwa cha tela kina chesisi fupi, na mzigo wake hutua kwenye sahani ya kuungia tela, karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Ukiondoa sahani hiyo na kuweka bodi bila kufikiri, sehemu kubwa ya mzigo itaangukia nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yatapungukiwa na uzito, na usukani utakuwa mwepesi hadi kuhatarisha maisha mlimani. Fundi hana budi kurefusha chesisi kwa kuikata na kuiunga, akiweka vyuma vya kuimarisha kwa ndani, arefushe shafti ya kupeleka nguvu nyuma, ahamishe mabomba ya breki na nyaya za taa, na ahakikishe kwamba kitovu cha mzigo kinakaa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Anayeifanya kazi hiyo anaamua upya uzito wote wa gari, na ili aamue sawasawa lazima ajue ni mzigo gani utakaowekwa na barabara itakayopitwa.

Historia imetupa jaribio la kupimia jambo hili, na nusu ya jaribio hilo ilitendeka Tanganyika. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilianza kuandaa mpango mkubwa wa karanga, wenye shabaha ya kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, na kwa Tanganyika kazi ikawekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo mipya haikupatikana, basi ikanunuliwa mitumba ya vita: matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino yalisafirishwa kuvuka Bahari ya Hindi. Vilevile vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers nchini Uingereza, vikaitwa Shervick. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, sehemu kubwa ya matrekta yaliyofika Kongwa ilikuwa imelala, vipuri hakuna. Shervick nayo haikuuokoa mpango. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mvua haikutosha, na Januari 1951 mpango ulitupwa baada ya kugharimu pauni milioni 36 hivi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: waliokata vyuma vile hawakuwahi kuupima udongo ambao vyuma vingeulima.

Nusu ya pili ya jaribio ilitendeka Ufilipino kwenyewe, katika rundo lile lile la mabaki ya vita. Jeshi la Marekani liliacha huko magari madogo ya Jeep kwa wingi. Mafundi wa karakana za Manila waliyarefusha kwa nyuma, wakayawekea paa na mabenchi mawili marefu ya kutazamana, na jiji ambalo usafiri wake ulikuwa umebomolewa na vita likapata jeepney, gari lililoendelea kubeba umma kwa miongo mingi hata uundaji wake ukawa tasnia ya nchi. Vyuma vya Kongwa na vya Manila vilitoka jeshi moja na miaka ile ile. Vya Kongwa viligeuzwa au kuchaguliwa na watu walioandika taarifa London. Vya Manila viligeuzwa na watu ambao abiria wao walikuwa wamesimama mlangoni mwa karakana, na kosa la leo lilisahihishwa kwenye gari la kesho. Mpangilio wa mabenchi wa Manila ndio huo huo wa Pemba, ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake. Watu waliokuwa na haja moja, ya kumsafirisha mtu pamoja na kapu lake, walifikia umbo moja.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ninapamba umaskini. Watu wa Pemba, litasemwa, walijenga mbao juu ya chesisi kwa sababu hawakumudu mabasi, na ufundi wa kulazimishwa na uhaba hauna cha kusifiwa. Uhaba ulikuwapo, nakubali, lakini kiini chake hakikuwa umaskini peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zanzibar ilijikusanyia akiba kubwa ya fedha za kigeni iliyotokana na karafuu, nyingi ikiwa karafuu ya Pemba, huku uingizaji wa bidhaa ukibanwa vikali. Kisiwa kilichozalisha fedha hizo kilikaa na magari yale yale, yakiungwa na kuungwa tena, kwa uamuzi wa kisiasa. La muhimu zaidi ni kilichotokea baadaye. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa, na mitumba ya Japani ikamiminika. Mabasi madogo yalikuja na yakapata abiria. Hata hivyo chesisi za Kijapani, kama Toyota Dyna, nazo zikapelekwa kwa fundi na kuvikwa bodi ya mbao yenye mabenchi ya kutazamana. Kama umbo lile lingekuwa alama ya dhiki tu, lingekufa siku basi la bei nafuu lilipopatikana. Lilidumu hasa katika njia za shamba, pale ambapo mtu na mzigo bado husafiri pamoja.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kwamba jambo hili si la Pemba. Ghana ilikuwa na malori ya Bedford yenye bodi za mbao, na matatu za mwanzo za Nairobi zilikuwa magari makuukuu yaliyoundwa upya. Ni kweli, na ukweli huo unaijenga hoja yangu. Sikusema kwamba Pemba ilibuni peke yake wazo la kujengea chesisi. Nilisema kwamba kila mahali gari humalizwa na mwenye mzigo, na kwa hiyo umbo la bodi ni hati ya uchumi wa mahali. Anayetaka kujua Pemba ilikuwa ikisafirisha nini, kwa umbali gani na katika hali gani ya hewa, anaweza kuisoma bodi kama anavyosoma daftari la forodha. Tangu mwaka 1968 Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limekuwa mnunuzi wa karafuu, na vituo vya ununuzi vimekuwa mwisho wa safari ya kila gunia. Njia ya mchumaji na mkulima kufika kituoni ndiyo iliyozipa bodi zile thamani yake. Daftari la kituo linatupa kilo na bei. Bodi ndiyo inayotuonyesha namna watu na mavuno walivyofika hapo.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nami silichukulii wepesi. Gari la mbao lina hatari. Abiria aliyekaa ubavu hana kinachomzuia gari likifunga breki ghafla. Keria iliyojazwa hupandisha uzito juu na kulifanya gari kuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Mbao hazilindi mwili kama chuma. Na chesisi iliyoungwa vibaya hukatika bila onyo. Uhai wa mtu ni mkubwa kuliko urithi wowote, na kama ingelazimu kuchagua, bodi iondoke. Lakini tuangalie hatari hizo zinatoka wapi. Nyingi zinatokana na kuzidisha mzigo, mwendo wa kasi, breki chakavu na kazi ya kuunga isiyokaguliwa, mambo ambayo huua pia katika mabasi yaliyotoka kiwandani yakiwa kamili. Vipimo vya kuongoza vinawezekana: urefu wa bodi usizidi kiasi fulani nyuma ya ekseli, keria iwe na kikomo, viungo vya chesisi vichomelewe na fundi aliyethibitishwa, mabenchi yawe na vishikio na migongo imara. Nchi zenye viwanda vikubwa vya magari zina sheria za namna hiyo kwa wajenzi wao wa bodi, kwa kuwa huko nako malori hujengewa bodi na watu wengine. Sheria ya kupiga marufuku bila kutoa vipimo humsukuma fundi gizani, na gizani ndiko kosa linakokua.

Kwa sababu hiyo napinga namna ya kufikiri inayoona gari la mbao kuwa aibu ya kuondolewa barabarani kabla wageni hawajaliona. Linaweza kupungua, na ni haki lipungue pale lami na mahitaji yanapobadilika. Lisifutwe kabla maarifa yake hayajaandikwa. Jumba la makumbusho lililomo katika ngome kongwe ya Chake Chake lingefanya kazi kubwa kwa kuchora na kupima bodi zilizosalia, kuandika mbao zilizotumika na namna zilivyofungwa, na kurekodi maneno ya mafundi wangali hai. Kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kingeweza kuchukua vipimo hivyo na kuvigeuza somo: ugawaji wa uzito kwenye ekseli, uungaji salama wa chesisi, ujenzi wa bodi nyepesi kwa gari la kisasa. Magari ya umeme yatafika Pemba kama yalivyofika yale ya petroli, na mengi yatahitaji kumaliziwa kwa ajili ya mizigo ambayo aliyeyatengeneza hakuifikiria. Kongwa ilionyesha gharama ya kuiacha kazi hiyo kwa watu wa mbali. Pemba imekwisha kuonyesha kwamba ina watu wa kuifanya, na wajibu wa sasa ni kuwapa vipimo, ukaguzi na heshima ya taaluma.